Kuhesabu stoki ya baa bila kumwonea mtu wa kaunta

Mwaka 2014, Jumatatu moja asubuhi, nilimkata dada wa kaunta shilingi 6,200 kwa sababu ya nukta.

Nilikuwa keshia mgeni katika baa moja hapa Mtwapa, pwani ya Kenya. Aliyekuwa akichukua stoki kabla yangu alikuwa amehamia Malindi, akaniachia daftari na ufunguo wa stoo, basi. Yeye alizoea kuandika kreti na chupa kwa nukta. Tusker 6.4, maana yake kreti sita na chupa nne. White Cap 3.8. Pilsner 2.9. Mimi nikashika kalkuleta nikazidisha mara 25, kwa kuwa kreti ya bia ya nusu lita ina chupa 25. Tusker ikanipa 160, na kweli zilikuwa 154. White Cap ikanipa 95, zilikuwa 83. Pilsner ikanipa 72 na nusu, ile nusu nikaiacha, na kumbe zilikuwa 59. Chupa 31 ambazo hazikuwahi kuwepo nikaziingiza kwenye stoki ya kufungua, yaani ile ya kuanzia siku, kisha kesho yake daftari likasema zimeuzwa na pesa yake haionekani. Wakati huo bia ilikuwa shilingi 200.

Yule dada hakubisha. Alisema, "Sawa, madam, kama umeona zimepotea." Alikuwa na mtoto wa darasa la tatu, na mshahara wake wa mwezi haukufika shilingi elfu kumi na mbili. Wiki mbili baadaye kosa likajirudia siku ambayo mimi mwenyewe nilishika kaunta, na ndipo nikaliona. Yeye alikuwa ameshaacha kazi. Nilimtumia pesa yake kwa M-Pesa kwa awamu mbili, na msamaha nikamwomba kwa simu. Akanisamehe, lakini sijasahau.

Leo nazunguka baa tatu kila Jumatatu kuchukua stoki. Moja ina aina zaidi ya tisini za vinywaji, kaunta mbili na stoo, na tunaimaliza kwa saa moja na dakika kumi tukiwa wawili. Watu huniuliza nimeharakishaje. Kwa kweli mkono wangu hauendi mbio kuliko wa mwingine. Tunamaliza mapema kwa sababu kazi kubwa tunaifanya kabla ya kuhesabu, na kwa sababu haturudii.

Kabla hujagusa chupa

Kwanza chagua saa. Tangu sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, baa ya kawaida Kenya hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za wiki, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Wenye baa wengi waliichukia, lakini kwa mtu wa stoki ile asubuhi ya Jumatatu ni mali. Mimi naingia saa tatu. Lori la bia nimeliambia lisije kabla ya saa sita, na kama likitangulia linangoja nje ya geti. Mzigo ukiingia katikati ya hesabu, hutajua tena ni kreti zipi umezihesabu na zipi zimetoka kwenye lori, na hapo afadhali uanze upya.

Kisha panga. Hapa usione haya kutumia nusu saa nzima. Kila aina ya bia iwe na kreti moja tu iliyopungua, nayo iwe juu kabisa. Zilizo chini yake zote ziwe zimejaa. Ukikuta kreti tatu za Tusker zenye chupa 11, 20 na 9, zihamishe chupa mpaka ubaki na kreti moja iliyojaa na nyingine yenye mabaki. Panga mirundo ya kreti tano tano. Mrundo mmoja ni chupa 125, na ukiingia stoo ukaona mirundo minne na kreti mbili, hesabu umeshaipata kabla hujatoa kalamu mfukoni.

Usiegemeze mirundo ukutani kwa safu mbili bila kuacha njia. Ukisimama mbele ya ukuta wa kreti utazidisha tu: upana mara urefu mara kina. Nimekuta ukuta wa namna hiyo ukiwa na shimo katikati, kreti nne hazipo, na kwa mbele kila kitu kimenyooka. Acha nafasi ya mtu kupita ubavu, pita, uone nyuma kwa macho yako.

Na kila kreti iliyojaa itazame kutoka juu. Kreti ya bia ina mistari mitano ya chupa tano, kwa hiyo utaona vizibo vitano kwa vitano, na pengo moja jicho linalikamata papo hapo. Lakini angalia vizibo, usiangalie shingo. Chupa tupu ina shingo pia, na kwenye stoo yenye giza mtu aliyetaka kukuficha kitu hukuwekea chupa tupu mbili katikati ya kreti. Washa tochi ya simu. Soda ni kreti ya chupa 24, mistari sita ya chupa nne nne. Ukichoka unaweza kujikuta unazidisha soda mara 25, ndiyo maana karatasi yangu ina namba ya kreti imeandikwa kabisa pembeni mwa jina la kila kinywaji. Mikebe na vinywaji vikali vya katoni, soma ubavuni mwa katoni imeandikwa ngapi. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu katoni ya mizinga (chupa za mililita 750) na katoni ya kwota (chupa za mililita 250) hazilingani.

Karatasi ifuate rafu

Watu wengi wameandika orodha ya stoki kwa mpangilio wa bei, au bia kwanza, halafu wiski, halafu jini, au kwa alfabeti. Halafu mtu anahesabu kwenye rafu huku mwandishi akipekua kurasa akitafuta jina. Dakika zinaishia hapo, na makosa yanazaliwa hapo hapo, kwa sababu mwandishi aliyechoka kutafuta huandika kwenye mstari wa karibu.

Orodha yangu inafuata mwili wa baa. Ukurasa wa kwanza ni stoo, kuanzia mlangoni ukizunguka kwa mkono wa kushoto mpaka urudi mlangoni. Wa pili ni mafriji, friji la kwanza rafu ya juu kwenda chini, kisha la pili. Wa tatu ni kaunta kuu, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, chupa zilizofungwa na zilizofunguliwa zikiwa na safu zake mbili tofauti. Wa nne ni kaunta ya VIP. Kinywaji kimoja kinaweza kutokea mara nne, sehemu nne, na ni sawa. Kujumlisha utajumlisha baadaye, umekaa kitini. Tukisimama mbele ya rafu kalamu inashuka tu mstari kwa mstari.

Mwenye kaunta akibadilisha mpangilio wa rafu bila kuniambia, ninamwomba arudishe au nibadilishe karatasi siku ile ile. Sikubali viwili hivyo viachane.

Na kreti na chupa tunaandika kwa mkwaju: 6/4. Nukta imepigwa marufuku kwenye daftari langu. Tena ile nukta ina ubaya mwingine: kreti sita na chupa kumi ukiandika 6.10, kalkuleta inasoma 6.1, na simu ukiiandikia kwenye jedwali inaikata sufuri yenyewe. Baada ya kuandika 6/4, pembeni yake tunaandika jumla kwa chupa, 154. Kuanzia hapo mpaka mwisho hakuna kreti tena. Hesabu yote inaenda kwa chupa.

Mmoja ahesabu, mmoja aandike

Peke yako unaweza, lakini utachukua muda mara mbili na hutakuwa na shahidi. Tunakwenda wawili: mimi na mtu wa kaunta mwenyewe, yule aliyekabidhiwa ile stoki. Yeye ndiye anayehesabu kwa kugusa, mimi naandika. Nilikuwa nikifanya kinyume chake, mimi nahesabu yeye anaandika, nikaona si haki. Chupa ni zake mpaka atakapoikabidhi zamu nyingine, basi azishike kwa mkono wake.

Anaita kwa sauti: "White Cap, tatu kwa nane." Mimi narudia: "Tatu kwa nane, themanini na tatu." Akisikia sawa ananyamaza na kusonga mbele. Kama nimesikia vibaya ananirudisha pale pale. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ile kurudia ndiyo imetuondolea makosa ya nane na tatu, sita na saba, yanayotokea muziki wa jirani unapopigwa au mtu anapoita "habari za asubuhi" kutoka mlangoni. Simu zote mbili zinakaa kaunta mpaka tumalize ukurasa.

Kwenye friji, mkono uguse kila kizibo. Mafriji ndiyo yanayodanganya, kwa sababu mbele kunaweza kuwa na Tusker na nyuma yake kukawa na Guinness mbili zilizosukumwa na mtu aliyejaza kwa haraka usiku. Tumekubaliana kwamba kila mstari kutoka mlango wa friji hadi nyuma ni kinywaji kimoja. Friji letu kubwa linachukua chupa saba kwa mstari, na anayejaza anajua asipopata saba za aina moja aache pengo nyuma, asizibe na aina nyingine.

Jambo moja nalisisitiza sana: namba ya jana isiwe mbele ya anayehesabu wala anayeandika. Ukijua kwamba Gilbey's zinatakiwa kuwa tisa, utaziona tisa. Si uovu, ni jicho la mwanadamu. Karatasi ya kuhesabia iwe tupu, haina safu ya "inayotakiwa". Ulinganishe baadaye.

Chupa zilizofunguliwa

Hapa ndipo pesa inapotoroka kwa mlango wa nyuma, na ndipo watu wanapokadiria tu: "Hii nusu, hii robo, hii karibu iishe."

Kaunta zetu zinauza vinywaji vikali kwa kipimo cha mililita 30, yaani toti moja. Mzinga wa mililita 750 basi una toti 25. Chupa ya lita moja ina toti 33 na inabaki mililita 10. Chupa iitwayo nusu, ya mililita 350, ina toti 11 na mabaki, na kwota ya 250 ina toti 8 na mabaki, ingawa kwota kwa kawaida inauzwa nzima. Kama kipimo chenu ni cha mililita 25, mzinga una toti 30. Jua kipimo chako kwanza, tena kiangalie, kwa sababu nimekuta kaunta moja ina vipimo viwili vinavyofanana kwa macho na havilingani kwa ujazo.

Tatizo la kukadiria kwa jicho ni umbo la chupa. Mzinga una mwili mpana, halafu mabega, halafu shingo nyembamba. Mtu anatazama urefu wote, toka kitako mpaka mdomo, akiona kinywaji kimefika katikati anaandika nusu. Lakini shingo haina kitu, toti moja au mbili tu. Kinywaji kilichofika katikati ya urefu huo kimezidi nusu ya ujazo. Kila wiki unampunguzia mtu toti mbili tatu kwenye kila chupa, na chupa ziko ishirini.

Dawa ya bure ni utepe. Chukua mzinga mtupu wa kinywaji unachouza sana, bandika utepe wa karatasi wima toka kitako mpaka mdomo. Kisha chukua kile kipimo cha kaunta, jaza maji, mimina ndani ya chupa, weka chupa mezani pasipo na mteremko, na upige mstari kwenye utepe pale maji yalipofika. Andika 1. Mimina cha pili, piga mstari, andika 2. Endelea hadi 25. Utaona mwenyewe jinsi mistari ilivyokaribiana chini kwenye mwili mpana, na ikifika mabegani inaanza kuachana, na shingoni toti moja inapanda karibu urefu wa kidole. Chupa hiyo iweke kwenye kabati la kaunta. Siku ya stoki, isimamishe kando ya chupa iliyofunguliwa ya aina ile ile, linganisha usawa wa kinywaji, usome namba. Macho yawe sawa na kinywaji, siyo kutoka juu. Chupa kumi za utepe, kwa vile vinywaji kumi vinavyokwenda sana, nilizitengeneza kwa mchana mmoja. Chupa zenye glasi ya rangi au zilizoandikwa mbele na nyuma hazifai kwa njia hii.

Kwa hizo, na siku hizi kwa zote, natumia mizani ya jikoni, ile ya kidijitali inayosoma gramu moja moja mpaka kilo tano. Inafanya kazi hivi. Jini moja tunayouza, mzinga wake mtupu bila kifuniko una gramu 460. Ukiwa umejaa, bila kifuniko, una gramu 1,171. Tofauti ni gramu 711, na ndani mna toti 25, kwa hiyo toti moja ni gramu 28.4. Jumatatu naweka chupa iliyofunguliwa kwenye mizani, inasoma 801. Naondoa 460, inabaki 341. Nagawanya kwa 28.4, napata toti 12. Sekunde kumi, na hakuna ubishi, kwa kuwa sote wawili tunaiona namba.

Mtu atauliza kwa nini toti ya mililita 30 isiwe gramu 30. Kwa sababu pombe ni nyepesi kuliko maji, na kinywaji cha asilimia 40 kinapungua uzito kwa kiasi hicho. Vile vitamu vyenye sukari na krimu havifuati namba hiyo, sukari inavitia uzito. Kwa hiyo usichukue 28.4 yangu ukaipachika kila mahali. Kila aina ipimwe ikiwa imejaa na ikiwa tupu, uandike kwenye kadi, ubandike ndani ya mlango wa kabati. Chupa inapofunguliwa mara ya kwanza, pima kabla ya kumimina. Inapoisha, pima kabla ya kuitupa. Ndani ya mwezi mmoja kadi yako imejaa yenyewe bila kazi ya ziada. Kila mara viwanda vinapobadilisha umbo la chupa, na hubadilisha bila kutangaza, kadi nayo ibadilike.

Toa ile mirija ya kumiminia kabla ya kupima, au uhakikishe chupa tupu nayo ilipimwa ikiwa na mrija. Usichanganye. Mrija mmoja unaweza kukuongezea toti nzima ambayo haipo.

Divai ya glasi ni rahisi: chupa ya 750 kwa glasi za mililita 150 ni glasi tano. Na kama mnauza keg, yaani bia ya pipa, pipa la Senator lina lita 50. Likipimwa tupu kwenye mizani ya jukwaa, kila kilo iliyozidi uzito wa pipa ni karibu lita moja ya bia. Povu litakula kiasi, lakini unajua umesimama wapi.

Chupa tupu nazo zihesabiwe

Hili wengi hawalifanyi, nami nalipenda kuliko yote.

Bia ya chupa ya kurudishwa ina faida kwa mhesabu: chupa haiondoki. Lori likileta kreti iliyojaa linachukua kreti tupu. Mteja akinywa, chupa inabaki. Kwa hiyo chupa zilizojaa ukijumlisha na tupu, jumla haibadiliki wiki hadi wiki, isipokuwa zilizovunjika, zilizobebwa na wateja, au kreti mlizonunua pamoja na chupa zake. Moja ya baa zangu ina kreti 64 zake, yaani chupa 1,600. Jumatatu moja tulipata zilizojaa 913 na tupu 681. Jumla 1,594. Zinakosekana sita. Daftari la kuvunjika lilikuwa na nne, limetiwa sahihi Jumamosi usiku. Mbili tukazitafuta, tukazikuta nyuma ya spika ya jukwaani.

Ona faida yake. Kama jumla ya chupa inakubali lakini pesa imepungua, basi bia imenyweka hapa hapa na haikulipwa: ni bili iliyosahauliwa, ni mkopo usioandikwa, au ni mtu amekunywa. Kama jumla yenyewe haikubali, usimguse mtu kwanza. Rudi uhesabu, maana huenda kosa ni lako. Ingekuwa nilijua hili mwaka 2014, zile chupa 31 za uongo zingenionyesha uso wake asubuhi ile ile.

Kusoma matokeo

Hesabu yenyewe ni fupi. Stoki ya kufungua, jumlisha iliyoingia, toa ya kufunga, unapata iliyotoka. Linganisha na mauzo. Lakini iliyoingia iwe ile uliyoihesabu mwenyewe getini, siyo ile iliyoandikwa kwenye risiti ya msambazaji, na vinywaji vikali uvitazame stempu ya KRA, mamlaka ya mapato, moja moja wakati wa kupokea, uisome kwa programu ya Soma Label ukiwa na shaka. Chupa yenye stempu ya kughushi ikishaingia rafuni imekuwa kesi yako. Na kilichohamishwa kutoka kaunta kuu kwenda VIP kiwe kimeandikwa, la sivyo kaunta moja itaonekana mwizi na nyingine malaika.

Ukikuta Tusker imepungua nne na White Cap imezidi nne, hapo hakuna wizi. Mtu amebonyeza kitufe kisicho chake kwenye mashine. Ukikuta wiski ya mzinga imepungua toti ishirini na kitu na kwenye meza kulikuwa na sherehe iliyonunua mizinga, tafuta mzinga uliouzwa mzima ukaandikwa toti moja. Toti moja kwa kila mzinga mimi naisamehe. Mkono wa mtu unamwaga, barafu inateleza, na usiku wa Jumamosi kaunta ina watu safu tatu. Zikizidi hapo naanza kuuliza.

Ziada inanitia wasiwasi kuliko upungufu. Mwenye baa akiona ziada anafurahi, anasema tumepata faida. Ziada ya toti maana yake ama wateja wanapimiwa pungufu, ama kuna mtu analeta chupa yake kutoka nje, anauza kwenye kaunta yako na pesa yake anaenda nayo. Kuna wiki amekosea akaacha toti sita ndani ya chupa yako. Usiifute kwenye daftari. Iandike kama unavyoandika shoti, yaani upungufu, na uifuatilie.

Na shoti ikithibitika, ikabaki hata baada ya kurudia, zungumza na mtu kabla ya kukata. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kwa hasara iliyotokana na kusudi la mfanyakazi, na kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wake kama mkataba umemkabidhi pesa. Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Chupa iliyopotea kwa sababu meneja alitoa ofa na hakuandika, hiyo si ya mtu wa kaunta. Wenye baa wawili nimewaonyesha kifungu hicho kwenye simu, mmoja akanielewa, na kwa yule mwingine sifanyi kazi tena.

Tukimaliza, tunaketi kwenye meza ya karibu na mlango, upepo unatoka baharini, najumlisha kurasa zote nne mbele yake. Kila mstari ambao haukubaliani na mauzo tunainuka wote wawili kwenda kuuhesabu tena, huo peke yake, na namba ya zamani haifutwi, inapigwa mstari mmoja ili isomeke. Kisha tunatia sahihi, yeye kwanza, mimi pili, tunaandika tarehe na saa. Anapiga picha kurasa zote kwa simu yake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo tunafungua geti la lori.